Mabondo Kwenye Gari la Harusi

Aibu nyingine ukihama mtaa zinaisha, lakini yangu mimi ilinipata mbele ya soko zima la samaki pale Mwaloni, mchana kweupe, nimevaa suti ya kuazima na ua kifuani, sasa nihamie wapi? Mpaka leo kuna mama mmoja wa dagaa ambaye akiniona tu anaacha wateja wake na kuniuliza kwa sauti ya kuita mtumbwi, "Deusi, leo umepika nini?" na wasiojua wanauliza kuna nini, na wanaojua wanawasimulia huku wakiongeza chumvi. Bora nisimulie mwenyewe, bila chumvi (au kidogo tu, ya kuonja).

Tata, yaani baba yangu, sisi Wahaya ndivyo tunavyomwita, alikuwa na gari la Kiingereza la zamani, rangi ya maziwa, aliuziwa na Mzungu mmoja wa bandarini aliyekuwa anarudi kwao, miaka mingi kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Lilikuwa na mapezi mawili nyuma kama samaki, na mikanda ya nikeli iliyotoka taa ya mbele mpaka taa ya nyuma kila ubavu, na mingine imezunguka madirisha, na kofia za magurudumu ambazo enzi zake ungeweza kujitazamia ukachana nywele. Enzi zake, nasema. Wakati huu ninaousimulia ni ule wa ruksa, serikali imefungulia biashara, mjini Mwanza kila mwenye ndugu Dubai anashusha gari la Kijapani, na gari la Tata limekaa kwetu Butimba chini ya kibanda cha bati, linatoka Jumapili kwenda kanisani na kurudi, nikeli imefifia kama sufuria la bweni.

Sasa dada yangu Koku akawa anaolewa. Huyu Koku msimchukulie kama dada tu. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa mdogo wa kubebwa, na aliyenibeba ni yeye, aliyenifundisha kuosha masikio ni yeye, na nilipomaliza darasa la saba jina langu lisionekane kwenye waliochaguliwa, Tata alinyamaza wiki nzima, ila Koku alinipikia ndizi na kuniambia, "Wewe utakuwa na kitu chako, Deusi, tulia." Mchumba wake, Shija, alikuwa Msukuma mpole mpaka unamhurumia, sina neno naye. Mwenye maneno alikuwa mjomba wake, Bwana Lushinge, ndiye aliyekuwa akiuza hayo magari ya Dubai, na siku walipokuja kumalizia mazungumzo ya harusi alitembea mpaka kibandani, akaligonga gari letu kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Mzee wangu," akasema, "bibi harusi tutamfuata sisi. Kuna gari jeupe limeshuka juzi, lina kiyoyozi, hatatoka jasho hata tone."

Tata akakoroga chai yake taratibu. "Mwanangu atatoka kwangu na gari langu. Kurudi ni wenu, mpandisheni hata kwenye ndege."

"Hewala, mzee. Na hili likikohoa njiani?"

"Likikohoa, mchukueni."

Ndivyo tulivyokubaliana, kwenda kanisani ni gari la kwetu, kutoka kanisani ni gari la mume, na gari lao litufuate nyuma tu. Mimi nilidhani ni majivuno ya wazee, maana sisi Wahaya kwa hilo tunasemwa, lakini jioni Koku akiwa anapepeta mchele akaniambia bila kuniangalia, "Nataka nitoke na Tata, nikae nyuma yake nione kisogo chake kama zamani akitupeleka kanisani. Hicho tu. Mengine yote wapange wao."  Kwa maneno hayo ningelibeba gari lile kichwani.

Na Tata naye akaniita. "Deusi, siku ya harusi gari lioshwe."

"Ndiyo, Tata."

"Kuosha tu. Sitaki kuona bisibisi mkononi mwako." (Alikuwa na sababu. Redio yetu nilishawahi kuifungua, na haikusema tena.)

Sasa niambieni, mtu wa akili si angechukua ndoo na kitambaa akaishia hapo? Lakini mimi wakati ule nilikuwa na ndoto, nimeshaota mpaka kibao cha gereji yangu, rangi ya bluu, maandishi ya njano, nimeshaota wateja wanapanga foleni mpaka Mkolani, na nilipoiangalia ile nikeli iliyofifia nikaona kabisa Lushinge akicheka moyoni, nikasema haiwezekani, nitaitoa mikanda yote niisugue kwa limau na majivu mbele na nyuma, halafu niirudishe, kazi ya asubuhi moja, Tata hatajua isipokuwa kwa mng'aro. Tata alikuwa ameenda kupokea ndugu wa kutoka Bukoba bandarini. Harusi ilikuwa kesho yake.

Kutoa kulikuwa raha. Mikanda ile haikufungwa kwa skrubu, ilibanwa kwa vibanio vidogo vya chuma vilivyojificha nyuma yake, unaingiza bisibisi, unainua kidogo, tak! inatoka. Tak! Tak! Nikawa naimba. Nimeshamaliza ubavu mmoja na nusu ndipo nikainama kuokota kibanio kilichoanguka, kikanivunjikia mkononi kama biskuti. Nikaokota kingine, biskuti. Kutu ilikuwa imevila vyote kutoka ndani, vilikuwa vinashikilia kwa mazoea tu, kama wazee, na ile "tak" niliyokuwa nikiiimbia ilikuwa sauti ya vibanio kufa. Na kama mpumbavu (si "kama", ndiyo nilikuwa) nikaona heri nitoe na iliyobaki, ili gari lilingane.

Nikakimbilia mjini na kile kipande cha kibanio, duka hadi duka, na maduka siku hizo yalikuwa yamejaa kila kitu, taa za kuwaka rangi, mito ya viti, marashi ya kuning'iniza kwenye kioo, isipokuwa nilichokitaka. Mhindi mmoja mzee alikigeuza kiganjani akanirudishia kwa upole kama mtu anayerudisha mfupa. "Kijana, hii pelekea makumbusho."

Gundi za chuma alikuwa nazo, lakini bei yake ilikuwa ya watu wengine. Nikaendelea mpaka Kirumba, kichwa chini, nikamkuta rafiki yangu Masanja pale Mwaloni amekalia kreti. Masanja kazi yake ilikuwa kukusanya mabondo, kile kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa sangara, ambacho zamani tulikuwa tunawatupia mbwa, na sasa wanunuzi walikuwa wanakigombania.

"Hivi hawa wanayapeleka wapi?" nikamuuliza, kwa kupoteza mawazo tu.

"Ng'ambo. Wanapika gundi."

Nikainua kichwa. "Gundi?"

"Gundi, ndiyo! Inashika kuliko msumari. Nasikia wanaunganishia mpaka ndege."

"Ndege za kuruka?"

"Sasa wewe uliona wapi kuku anaunganishwa?"

Jamani. Mtu anayezama hata nyasi anazishika. Nikamwomba mabondo yaliyochanika, yale wanunuzi wanayoyakataa, akanijazia mfuko, akaniuliza ya nini, nikamwambia ya utafiti.

Nikachemsha kwenye debe nyuma ya banda la kuku, moto mdogo, nakoroga, na kweli yakaanza kuyeyuka, yakawa ute, ute ukawa uzito, nikagusa kwa vidole viwili na vidole vikagandana, nikacheka peke yangu! Harufu ilikuwa ya samaki, siwezi kudanganya, ila nikaitia poda ya shangazi yetu aliyetangulia kuja kwa harusi, na marashi yake ya waridi, nusu chupa, ikawa sasa harufu ya samaki aliyealikwa harusini. Nikabandika mikanda yote, nikaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli ishike, nikalifunika gari kwa turubai, na Tata aliporudi na wageni nikamwambia nimelifunika lisipate vumbi. Akaniangalia kwa jicho la kuridhika. Jicho lile linaniuma mpaka kesho.

Asubuhi nilifunua turubai mapema. Gundi imekauka ngumu kama ukucha, mkanda unavuta hautoki, na nikeli, wallahi, ilikuwa inarusha nuru ukutani mwa nyumba. Harufu nayo ilikuwa imelala. Tata akatoka na suti yake nyeusi, akasimama. Akalizunguka. Akapitisha kiganja kwenye ule mkanda mrefu toka mbele mpaka kwenye pezi, taratibu, kama anampapasa ng'ombe.

"Deusi."

"Naam, Tata."

"Hili ndilo gari nililomleta nalo mama yenu hapa." Akapenga kamasi. Nikahisi nimekuwa mtu mzima saa ile ile. Halafu akageuka. "Lakini hujaliosha. Magurudumu yana vumbi."

Nikaosha. Nikaosha kwa moyo wote, ndoo juu ya ndoo, namwaga kuanzia paa maji yateremke kila upenyo, nasugua, namwaga tena, sikubakiza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba gundi ya mabondo ni kama ugali mkavu, ukiutia maji unarudi ulikotoka! Masanja hakusema. Hao wenye ndege zao hawakusema.

Tukatoka. Tata kwenye usukani, mimi pembeni yake, nyuma Koku na shela lake na shangazi na kofia yake, na kwa nyuma gari jeupe la Lushinge na wakwe wamefunga vioo, wanafaidi kiyoyozi. Jua lilikuwa la kukaanga. Mpaka Igogo kila kitu ni shangwe, watoto wanapunga, wanawake wanapiga vigelegele. Tulipokaribia katikati ya mji shangazi akaanza kunusa.

"Nani kaja na samaki?"

Nikatazama nje.

"Nauliza, waitu, jamani, nani kaja na samaki kwenye gari la harusi? Na mbona inanuka waridi langu?"

"Ni ziwa, shangazi," nikasema. "Upepo umegeuka."

Tata akapandisha kioo. Kwenye kioo cha pembeni mimi nikauona mkanda wa ubavu wangu umeachia kichwa, unachezacheza kama ndevu za kambare. Nikatoa mkono dirishani, nikaukandamiza, nikauacha mkono pale pale, na watu wa barabarani wakadhani nawapungia, wakanipungia. Upande wa Tata nao ukaanza, kra, kra, kra, chuma na lami. "Nini hicho?" akauliza. Nikasema labda ni kopo wamelifungia kwa furaha ya harusi. (Uongo ukianza hauulizi njia.)

Na kanisa lilikuwa Kirumba, upande wa wakwe, na kufika huko lazima upite kona ya Mwaloni. Pale mkokoteni wa samaki ulikuwa umekwama katikati ya njia, tukasimama. Kusimama tu. Harufu iliyokuwa ikibaki nyuma ikatufikia yote, na jua likawa linapika upya kile nilichokipika jana. Paka wa kwanza akatokea chini ya meza ya muuza nyanya, akaja moja kwa moja kwenye gurudumu letu. Halafu wakaja wengine, sijui walikuwa wanaishi wapi. Halafu wakaja wale korongo wakubwa wa Mwaloni, wenye upara na mfuko shingoni, ambao hutembea kama mahakimu, wakalizunguka gari la dada yangu wakilichungulia, na mmoja akaruka akatua juu ya paa. Gari likayumba. Shangazi akapiga kelele, "Mawe, mama wee! Kuna mtu juu!"

Tata akapiga honi. Korongo wa kando yangu akashtuka akaudonoa mkanda kwa hasira, na ule mkanda, ambao kiganja changu ndicho kilichokuwa kinauzuia, ukafyatuka. Mnajua chuma kirefu kikifyatuka? Ulipita hewani kama panga la kufyekea na ukafagia meza ya mama mmoja wa dagaa, meza nzima, fyaa, dagaa wakaruka juu wakatunyeshea, juu ya boneti, juu ya korongo, na wengine wakaingia dirishani wakatua juu ya shela la bibi harusi.

Soko likalipuka. Kuna aliyekaa chini kwa kucheka. Mama mwenyewe akaja amejifunga kanga kiunoni.

"Dagaa wangu! Nani kafanya hivi?"

"Gari!" sauti ikajibu kutoka kwenye umati. "Gari la Wahaya linaenda kujinunulia kitoweo!"

Nikashuka na suti yangu. Mama akanisogelea, akasimama, pua yake ikafanya kazi. "Ngoja kwanza. Haya si mabondo? Wewe kijana, umepaka gari mabondo?"

"Nimebandika, mama. Ni gundi."

"Umeyapika?"

"Nimeyapika."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kapika mabondo akambandikia bibi harusi!" Na pale ndipo lile swali la "umepika nini" lilipozaliwa.

Sasa Bwana Lushinge naye akashuka kwenye gari jeupe, kitambaa puani, lakini macho yanacheka. Akapita katikati ya paka mpaka dirishani kwa Tata.

"Mzee wangu, tulikubaliana. Limekohoa."

 Mikono ya Tata ilikuwa bado iko kwenye usukani. Neno lake alikuwa ameshalitoa mbele ya watu, na Tata halirudishi neno. Akafungua mdomo nikajua anasema "mchukueni", na mwenye kumfikisha hapo ni mimi, si gari, gari lilikuwa linanguruma vizuri kama siku zote. Hilo ndilo lililoniuma kuliko vicheko. Injini ilikuwa nzima.

"Halijakohoa, mjomba," Koku akasema kutoka nyuma. Alikuwa anatoa dagaa kwenye shela mmoja mmoja. "Sikiliza mwenyewe. Linakohoa hili?"

Lushinge akasikiliza. Watu wa karibu nao wakanyamaza kusikiliza. Lilikuwa linanguruma tu.

"Lakini binti, hali hii..."

"Hali ni ya urembo. Urembo umetoka, gari lipo. Mimi nimeahidiwa nitafika na baba yangu, sishuki hapa." Halafu akaniita, na sauti ilikuwa ile ya kuosha masikio. "Deusi! Ng'oa makorokoro yako yote, haraka."

Nikang'oa. Mbele ya Mwaloni nzima, kwa mikono, suti ya watu inachuruzika ute, mkanda baada ya mkanda, na kila unaotoka soko linashangilia kama goli. Haukuwepo hata mmoja uliogoma. Nikairundika kwenye buti, nikamwachia mama wa dagaa saa yangu ya mkononi na ahadi, vijana wakausukuma mkokoteni, tukaondoka na gari lililojaa vitundu ubavuni kama filimbi, paka wanatukimbilia, na Tata ananyoosha shingo mbele, na Koku nyuma yake anakitazama kisogo chake.

Alifika nalo. Hilo nalisema kwa sauti. Dada yangu alifika kanisani na gari la kwetu, Tata akamshika mkono wakaingia.

Mimi sikuingia. Mzee wa kanisa alinikuta mlangoni, akanusa, akaniambia kwa heshima kwamba mimi pamoja na gari tusogee upande ambao upepo hautuelekezi kwa waumini, na korongo wawili walikuwa wametufuata tayari wapo juu ya uzio, kwa hiyo mtu wa kulilinda gari lazima awepo. Basi nikavunja tawi, nikasimama ukutani nafukuza ndege. Kwaya niliisikia. Padri nilimsikia vipande vipande. Koku alipoulizwa, jibu lake sikulipata, maana paka alikuwa amepanda kwenye boneti, nikajua tu amejibu kwa vigelegele vilivyofuata. Mtoto aliyelelewa na bibi harusi, ndoa ya bibi harusi ameisikia kwa mgongo wa ukuta, ameshika tawi.

Walipotoka, gari jeupe lilikuwa linamsubiri mlangoni na utepe wake. Koku akamwambia Shija ngoja, akanyanyua gauni, akaja mpaka nilipo, kwenye upepo mbaya.

"Shikamoo, Bi Harusi," nikasema, maana sikujua niseme nini.

"Marahaba, fundi." Akaanza kucheka, halafu hakuwa anacheka, halafu akaniondolea gamba la dagaa kwenye nyusi kwa kucha. "Nikienda huko, nani atakuwa anakukataza?"

 Akaenda.

Tangu siku hiyo nimekuwa fundi kweli, gereji yangu ndogo ipo, na mtu akiniletea gari akasema nilioshe, naosha. Hata likiwa na mkanda umefifia namna gani. Naosha tu, namkabidhi ufunguo, na bisibisi naiacha ndani, mbali na mkono, kwa sababu yule wa kunikataza siku hizi anaishi kwa mume wake, na mimi mwenyewe najijua.